Mioyo Saba Mikononi mwa Tokie

Saa tisa alasiri Tokie Inokoshi alitundika pazia la mlangoni mwa hamamu yake, nyumba ya kuogea ya mji, na wanaume saba waliokuwa wakingoja kwenye theluji wakaingia wakikohoa. Walivua viatu, wakavifungia katika vikabati vya ukutani, kisha wakapita mmoja mmoja mbele ya kiti chake cha juu, na kila mmoja akamkabidhi moyo wake.

Mioyo yenyewe ilikuwa mikanda ya plastiki ya kijivu, ya kuvaa mkononi. Ndani ya kila mkanda mlikuwa na taa ndogo ya kijani isiyozimika, na kandokando ya taa hiyo kulikuwa na uchafu wa wiki nzima: jasho, ngozi iliyokufa, dawa ya kuchulia viungo, ukoko mweupe wa sabuni. Mkanda wa Mzee Hisanori ulinuka samaki wa kopo. Tokie aliufuta, akaufuta tena, akakunja uso, akauvaa.

"Ushike vizuri, Dada Tokie," alisema Hisanori, ambaye aligawa barua za mji huo miaka thelathini na tano na sasa alikuwa na kitambi na maneno mengi. "Leo nimekula figili ya kuchachushwa. Usishangae ukisikia kiungulia."

"Ungeosha mkono kwanza kabla ya kuja kuosha mwili."

"Nikiuosha mashine itajuaje kuwa ni mimi?"

Alivaa minne mkono wa kushoto na mitatu wa kulia, akaipanga kutoka kiwiko hadi kifundo, akateremsha mikono ya sweta yake ili asiione. Bado aliihisi. Ilikuwa vuguvugu kwa miili ya watu wengine, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi. Katika miaka yake sabini na minne alikuwa ameokota nywele kwenye mifereji, amesugua vyoo, amefuta matapishi ya walevi, na hakuna kati ya hayo lililowahi kumtia kinyaa kama vuguvugu hilo.

Mikanda ililetwa na halmashauri majira ya baridi ya mwaka juzi, kila mzee anayeishi peke yake mkanda mmoja. Unasikiliza moyo usiku na mchana. Moyo ukienda kombo, kituo cha uangalizi kinapiga simu. Mkanda ukivuliwa zaidi ya dakika kumi, simu inalia kwa mtoto wa mzee, popote alipo. Mwaka huohuo halmashauri ilikuja kuchukua lile sanduku la kushtulia moyo lililokuwa limetundikwa mlangoni mwa hamamu. Walisema kwa kuwa sasa kila mzee anaangaliwa, sanduku limekuwa la ziada.

Kampuni ilisema mkanda hauharibiki kwa maji. Lakini ni nani aliyeuliza habari za mkanda? Wazee waliuliza habari za maji. Katika birika la kuogea la wote mtu hakuingia na kitu chochote. Alikaa kwanza kwenye kigoda, akajisugua mpaka akang'aa, akajimwagia, ndipo akaingia. Hata kitambaa chake cha kujisugulia hakikugusa maji ya wote, alikikunja na kukiweka kichwani. Kuingia na mkanda wenye ukoko ule kungekuwa sawa na kutema mate katika chungu cha jirani. Hakuna aliyehitaji kulisema. Waliivua.

Basi simu zikaanza kulia. Watoto waliokuwa hawapigi hata sikukuu ya mwaka mpya sasa walipiga kila alasiri, wakifoka. Mzee Gensaku Urabe, fundi wa vigae vya paa, alionywa na binti yake Mizue aliyekuwa akiishi mji wa mbali wa Nagoya mara moja, mara mbili, na mara ya tatu akaambiwa kuwa nyumba ya wazee huko imepata nafasi, na akivua mkanda tena atakuja kuchukuliwa.

Alimweleza Tokie hayo akiwa amesimama chini ya kiti chake, kitambaa begani. "Nadhani leo ndiyo mwisho, Dada. Nimekuja kuaga maji."

Tokie hakufikiri sana. Alinyoosha mkono. "Lete hapa."

Wengine waliona. Kesho yake mikanda ikawa saba.

Alizaliwa orofa ya juu ya hamamu hiyo, juu ya mvuke, na kiti kile alikirithi kwa mama yake. Mama alimfundisha kazi kwa maneno machache: macho ni ya wanaovua nguo, wasije wakabadilishana makoti; masikio ni ya walio majini. Siku hizo mabeseni yalikuwa ya mbao, na kila mtu alikuwa na ugongaji wake. Mchinjaji aligonga beseni lake sakafuni mara moja, kwa kishindo. Mwalimu wa shule aligonga mara tatu harakaharaka. Gensaku, tangu ujana, aligonga mbili, akanyamaza, akaongeza moja. Mtu alikaa kwenye kiti akizikunja taulo huku akiwasikia wote, upande wa wanaume na upande wa wanawake, na ukimya ukizidi upande mmoja, mama aliita jina. Asipojibiwa alishuka, awe nani, awe uchi vipi. Kwa namna hiyo mama, na baadaye Tokie, walitoa watu tisa majini wakiwa hai, maana maji ya moto juu ya mwili uliotoka kwenye theluji hayana huruma na moyo wa mzee. Hakuna aliyewapa cheti. Waliletewa viazi.

Kisha mabeseni yakawa ya plastiki, mumewe aliyekuwa akichochea kuni akafa, tanuri likawa la mafuta linalojiwasha lenyewe. Hayo yote Tokie aliyameza. Lakini mikanda ilipokuja ugongaji ulikufa kabisa, ndani ya majira mamoja. Wazee waliacha kuulizana. Hisanori aliingia majini, akafumba macho na kusema, "Tulieni jamani, tunatazamwa." Na Tokie naye, mwenye masikio ya mama yake, aliacha kuita. Angeita wa nini? Alikuwa na tarakimu saba za mapigo ya moyo mikononi, zote za kijani. Mara kwa mara alipandisha sweta, akazitazama, akateremsha sweta.

Mwezi wa pili barua za kituo cha uangalizi zikaja, saba, siku moja. Wazee walizisoma kwenye chumba cha kuvulia, wakiwa na nguo za ndani tu.

"Moyo wangu unaruka pigo," alisoma Hisanori, karatasi akiwa ameinyoosha mbali na macho. "Kila siku isipokuwa Jumatatu, kati ya saa tisa na saa kumi na moja. Natakiwa kumwona daktari."

"Na wangu," alisema mwingine.

"Wangu hivyohivyo. Saa zilezile."

"Basi tumeambukizana," alisema Hisanori. "Nilikuwa nasikia magonjwa ya kuogea pamoja, lakini ya moyo sijawahi. Nani ametuletea? Semeni ukweli. Nani anapita kwa yule mjane muuza tofu?"

Walicheka mpaka ikabidi mmoja akae chini. Gensaku peke yake hakucheka. Aliikunja barua yake mara nne, akaoga, akavaa, akangoja wenzake watoke, kisha akarudi mbele ya kiti.

"Dada Tokie. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja moyo wangu unakuwa wapi?"

Tokie alikuwa anakunja taulo. "Umeuacha hapa, si umeuchukua? Uko mkononi mwako."

"Na Jumatatu ni nani hufunga hamamu?"

"Mashine zenu mbovu."

"Saba zote?" Aligonga ubao wa kiti kwa kifundo cha kidole, mbili, akanyamaza, moja. "Nimegonga vigae miaka hamsini kusikiliza nyufa. Kigae kimoja kikilia vibaya, nakitupa. Vigae saba vikilia vibaya kwa sauti moja, naitazama nyundo. Wewe ndiye unaruka pigo."

"Nina kazi, Mzee Gensaku."

"Jumatatu huna kazi. Nenda hospitali."

"Na nisipokwenda?"

"Basi kuanzia Jumanne mkanda wangu naufungia na viatu. Mizue aje anichukue. Mimi sitakaa kwenye maji ya moto nikijificha nyuma ya moyo wa mtu mgonjwa."

Tokie alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania. Masikio yake yalikuwa mekundu kwa joto la maji na uso wake ulikuwa umenyooka kama siku alizokuwa akikataa kazi mbovu ya wanafunzi wake.

"Jumatatu," alisema Tokie. "Nitakwenda. Sasa toka, unaniingizia baridi."

Hiyo ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa theluji iliendelea. Saba waliingia, saba walikabidhi, Gensaku akaufuta wake kwa shati lake kabla ya kumpa, jambo ambalo wengine hawakuwahi kulifikiria. Alimwonyesha tu vidole vitatu: siku tatu.

Kama saa kumi na dakika tano Tokie alipandisha sweta. Mkanda wa Gensaku ulikuwa wa mwisho, kwenye kifundo. Sabini na mbili, kijani. Mzee yuko salama, alijiambia, akateremsha sweta. Alijua vizuri kabisa, tangu jana alijua kuliko mtu yeyote, sabini na mbili ile ilikuwa ya nani, na bado alijiambia hivyo. Katika mambo yote ya siku ile, ni hili lililokuja kumrudia kooni kama matapishi.

Alipoinua macho aliona, kupitia mlango wa ndani, kitambaa kinaelea.

Kilikuwa kitambaa cheupe chenye mstari wa buluu, kimefunguka juu ya maji ya wote. Katika maisha yake hakuwahi kukiona kitambaa cha Gensaku ndani ya maji.

"Hisanori," alisema. "Kitambaa."

Hisanori, aliyekuwa dhiraa mbili kutoka hapo, alifumbua macho. "Kitambaa cha nani?"

Tokie alikuwa amekwisha shuka. Aliingia upande wa wanaume na soksi zake, akaingia majini na sketi yake, na walimnyanyua Gensaku watu wanne wakamlaza vigaeni. Uso wake ulikuwa wa kijivu kama mikanda. Hisanori, uchi, kitambi kikining'inia, alipiga magoti na kuanza kumkandamiza kifua, akihesabu kwa sauti, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hakuwa na mzaha hata mmoja.

"Sanduku," alisema mtu. "Lete lile sanduku la mlangoni." Kisha akakumbuka.

Hapo mkono wa Tokie ukaongea. Ilikuwa sauti ya msichana, laini, ya kubembeleza, inatoka chini ya sweta iliyolowa. "Mzee Gensaku, moyo wako unakwenda mbio. Tafadhali kaa chini. Vuta pumzi polepole." Gensaku alikuwa amelala mbele yake na mdomo wazi. "Mzee Hisanori," ilisema sauti ileile kutoka kwenye kiwiko, "moyo wako unakwenda mbio. Tafadhali kaa chini." Hisanori aliinua kichwa, jasho likimtiririka, akatukana, akaendelea kukandamiza. Mikanda yote saba iliongea, mmoja ukimkata mwenzake kauli, ikiwasihi wazee saba watulie, wakati Tokie akipiga simu ya dharura kwa vidole vyenye maji.

"Magari yote mawili ya wagonjwa yametoka, mama," alijibu mtu wa simu. "Kuna wito wa mioyo. Ni mingi kwa mpigo."

"Mioyo hiyo iko hapa. Ninayo mimi mkononi."

"Mama, tafadhali, tusichanganye. Jina la mgonjwa?"

"Gensaku Urabe."

Alisikika akibonyeza vitufe, akitafuta. "Huyo tunaye. Gari limekwisha fika nyumbani kwake. Wanavunja mlango."

"Yuko hamamu. Hapumui."

"Mashine inaonyesha mapigo mia moja thelathini na nane, mama. Huyo yuko hai."

Gari lilifika hamamu baada ya dakika ishirini na sita. Kufikia wakati huo mlango wa Gensaku ulikuwa chini, na gari la pili lilikuwa nyumbani kwa Hisanori, ambako walimkuta paka. Vijana wa gari walifanya kazi yao vizuri, hakuna wa kuwalaumu. Walimfunika, wakamchukua. Tokie alikaa kwenye kigoda cha kujisugulia, sketi ikichuruzika, na saa kumi na dakika hamsini na moja ndipo alipokumbuka kuivua mikanda. Iliacha alama nyekundu mikononi, saba, kila moja na tundu katikati mahali pa taa.

Jumapili, baada ya maziko, wakaja watu wawili. Mmoja alikuwa Mizue, mwanamke wa makamo mwenye nguo nyeusi nzuri na macho yaliyovimba. Mwingine alikuwa Bwana Shirakata wa halmashauri, ambaye alivua viatu vyake kwa uangalifu na kuanza kuongea kabla hajakaa.

"Tumekuja kushukuru, mama. Wewe ndiye uliyekuwa naye." Akatoa karatasi ndefu iliyokunjwa kama feni na kuitandaza juu ya meza. Ilikuwa na mstari mmoja mweusi wenye meno. "Hii ni ya siku ile. Familia iliomba. Unaona hapa, saa kumi na dakika kumi, hatari inaanza, mashine inatambua papo hapo. Na unaona jinsi alivyopigana. Dakika arobaini na moja. Kifaa kilifanya kazi bila hitilafu yoyote."

"Dakika arobaini na moja," alisema Mizue, na akapitisha kidole juu ya mstari ule, taratibu, kama anayempapasa mtu. "Daktari naye ameandika kuwa amefariki saa hiyohiyo mstari huu unapokatika. Moyo wa baba siku zote ulikuwa na nguvu."

Tokie aliutazama mstari. Uliruka pigo, ukaendelea, ukaruka tena.

"Huo ni moyo wangu," alisema.

Shirakata alikohoa.

"Baba yako alipotolewa majini alikuwa amekwisha kufa, au alikuwa karibu. Mkanda nilikuwa nao mimi. Nilikuwa nauvaa kila siku, ili wewe usije ukamchukua. Na nilipaswa kumwita, sikumwita. Nilitazama mkanda."

Bomba lilidondosha maji upande wa wanawake. Kisha Shirakata akaanza kuikunja karatasi, kunjo baada ya kunjo, akilinganisha kingo.

"Mama, una majonzi, na ni haki yako. Lakini hayo hayamo kwenye rekodi. Rekodi ni hii."

"Nakwambia aliyekuwa kwenye rekodi ni mimi."

"Ndiyo, mama. Ndiyo." Alikuwa na sauti ileile ya kubembeleza, ya mkanda. Pengine ilikuwa ni kinyume chake, pengine mkanda ulifundishwa na watu wa namna yake.

Tokie alimgeukia Mizue. Mizue alikuwa amesikia. Alikuwa ameelewa kila neno. Angeweza kufoka, na Tokie alitamani afoke. Angempiga, Tokie angepokea. Badala yake alinyoosha mikono miwili na kuichukua karatasi kwa Shirakata.

"Niachie hii, Mama Tokie," alisema. "Nitaiweka kwenye madhabahu ya nyumbani, na picha yake."

Akainama, chini sana, wakaondoka. Tokie alibaki ameshika ukingo wa meza. Huko Nagoya, katika fleti yenye zulia safi, mapigo yake mwenyewe yangefukizwa ubani asubuhi na jioni, yangepewa bakuli la wali na chai, yangeitwa baba. Alikwenda kwenye mfereji wa upande wa wanaume, akatapika.

Jumatatu alikwenda hospitali. Alikuwa amemwahidi mtu. Daktari kijana alitazama kioo cha kompyuta muda wote, akasema ndiyo, moyo unaruka pigo, umeruka kwa muda mrefu, akampa vidonge, akamfunga mkanda wa kijivu, mpya, usio na ukoko bado. Muuguzi aliuliza jina la mtu wa kupigiwa simu mkanda ukivuliwa. Tokie hakuwa na mtoto. Muuguzi aliandika namba ya ofisi ya halmashauri, ambayo hufungwa saa kumi na moja jioni.

Jumanne saa tisa alitundika pazia. Wanaume sita waliingia wakikohoa, wakafungia viatu, wakaja mbele ya kiti, wakanyoosha mikono na mikanda yao kama kawaida. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamezoea.

"Sichukui," alisema Tokie.

Walitazamana.

"Ifungieni na viatu."

"Dada, mwanangu atapiga simu," alisema Hisanori.

"Apige."

"Atanifokea."

"Afoke. Utakuwa umemsikia sauti."

Wawili walivaa viatu vyao na kutoka, na hawakurudi tena. Wanne walisimama kidogo, wakaenda kwenye vikabati. Tokie alishuka, akauvua wake, akautia katika kikabati cha Gensaku, akachomoa ufunguo wa mbao na kupanda kitini. Baada ya dakika kumi vikabati, vyenye simu zao ndani, vikaanza kulia kimoja baada ya kingine. Aliviacha vilie.

Ndani kulikuwa kimya. Walikaa majini, vitambaa vichwani, kila mtu na ukuta wake.

"Hisanori," aliita.

"Nipo. Kuna nini?"

"Gonga."

"Nigonge nini?"

"Beseni."

Alisikia maji yakivurugika, mzee akitoka, akitafutatafuta, akinung'unika kwamba hakumbuki yeye aligongaje zamani, zilikuwa mbili au nne. Kisha akagonga. Sauti ilikuwa ya plastiki, bapa, imepasuka. Tokie alikunja uso, akaita jina la mzee wa pili.